Mtandamboo: Majina Yake na Manufaa Yake

Miongoni mwa vichaka vya miiba viotavyo katika Afrika ya Mashariki, mtandamboo ni katika vile vijulikanavyo na watu wengi na kuandikwa na wachache. Humea pembezoni mwa misitu, katika nyika kavu na juu ya vichuguu, tangu nchi za chini hata nyanda za juu. Majani yake ni magumu, yenye kung'aa, yamekabiliana mawili mawili, nayo hubaki mabichi mwaka mzima. Tawi likivunjwa hutoka utomvu mweupe. Maua yake meupe, yenye wekundu kwa nje, hunukia sana. Tunda ni dogo na la mviringo. Kwanza huwa la kijani, kisha jekundu, na likiiva huwa la zambarau inayokaribia weusi, na ndipo huwa tamu. Wachungaji na watoto hulila papo hapo kichakani, kwa tahadhari ya miiba.

Habari za mmea huu katika vitabu vya elimu ya mimea zilianza mbali na nchi hizi. Mwaka 1771 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuandika mmea wa Bara Hindi kwa jina la Carissa spinarum, yaani karisa ya miiba. Wakati huo mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alikuwa amekwisha kufa. Forsskål alikuwa mmoja wa wasafiri sita waliotoka Denmark mwaka 1761 kwenda Arabuni kwa amri ya mfalme. Alikusanya mimea ya Yemen na kuandika majina yake kama alivyoyasikia kwa Waarabu wenyeji, akafa huko mwezi wa Julai 1763. Katika msafara ule Carsten Niebuhr peke yake ndiye aliyerudi hai, naye alizichapisha kazi za mwenziwe mwaka 1775. Humo kichaka cha Yemen kimeitwa Antura edulis. Mwaka 1790 Martin Vahl alikihamishia katika jenasi ya Carissa, kikawa Carissa edulis. Neno hilo la pili, kwa Kilatini, maana yake ni chenye kulika.

Kwa muda mrefu mimea hiyo miwili ilihesabiwa kuwa mbalimbali, wa Bara Hindi na wa Afrika na Arabuni. Siku hizi wataalamu wengi huihesabu kuwa spishi moja, iliyoenea toka Afrika kupitia Arabuni na Bara Hindi hata Australia. Na kwa kuwa kanuni yao hulipa haki jina lililotangulia, jina la mwaka 1771 limelishinda lile la mwaka 1775. Basi jina lililotaja chakula limeondoka, na lililotaja miiba limebaki. Kwa mwanabotania hilo ni jambo la utaratibu tu. Kwa mwanafunzi wa lugha ni funzo. Jina halielezi kitu chote. Hueleza upande ule uliotazamwa na mwenye kulitoa.

Wenyeji nao wana majina yao. Wamasai huuita olamuriaki, Wakikuyu mukawa, Wajaluo ochuoga, na Waamhara wa Ethiopia agam. Majina haya hayafanani kwa asili, na kutofautiana kwake kwaonyesha kwamba kila taifa liliujua mmea huu kwa njia yake, bila kungoja kuletewa habari na jirani.

Jina la Kiswahili lastahili kuangaliwa peke yake. Limeundwa kwa kitenzi tanda na jina la kiungo cha mwanamume, neno la sitara lisilotamkwa mbele ya wakwe wala darasani. Likisomwa kama lilivyo, laelekeza kwenye nguvu za kiume, bila shaka kwa sababu ya mizizi yake kutumiwa kuwa dawa. Lakini yafaa kuangalia: jina la namna hii ni ushahidi wa imani ya watu, si ushahidi wa nguvu ya dawa yenyewe. Pia ni jina lililo katika hatari. Mchongoma, ambao nao ni mti wa miiba wenye matunda yaliwayo, unaishi katika vinywa vya watu wote kwa ajili ya methali isemayo kwamba mchongoma kuupanda, kushuka ngoma. Mtandamboo hauwezi kupata bahati hiyo kwa wepesi, maana mwalimu huona haya kuutaja, na mtoto asiyetajiwa hujua tunda asijue jina.

Hasara ya kutojua jina si ndogo. Karibu kabisa na Carissa katika ukoo wa mimea kuna jenasi iitwayo Acokanthera, na mmoja wa mimea yake kwa Kiswahili ni msunguti. Huo nao ni wa kijani daima. Majani yake ni magumu na yamekabiliana, utomvu wake ni mweupe, maua yake hunukia, na matunda yake huiva kwa rangi ya zambarau nyeusi. Mfanano huo uliwafanya hata wataalamu waihesabu pamoja: mwaka 1844 Alphonse de Candolle aliuandika msunguti kuwa Carissa schimperi, na baadaye ndipo ulipohamishwa. Ila msunguti hauna miiba, na ndani yake mna sumu ishikayo moyo. Wawindaji walikatakata mti na mizizi yake, wakaichemsha muda mrefu hata ikawa nzito na nyeusi kama lami, wakapaka mishale. Jina la sumu hiyo katika elimu ya dawa, wabaini, limetokana na neno la Kisomali. Matunda yaliyoiva sana yamepata kuliwa mahali kadhaa, lakini mabichi yana sumu kali. Wamasai wameutenga mti huu kwa jina la olmorijoi, mbali na olamuriaki. Kwao tofauti ya majina ni mpaka baina ya chakula na mauti.

Manufaa ya mtandamboo hayaishii katika tunda. Hupandwa kuwa ua, maana ng'ombe hapenyi katika miiba yake. Nyuki hupata chakula katika maua yake. Wamasai hutia mizizi katika mchuzi wa nyama. Dawa nyingi za mizizi hiyo zimekusanywa na John Kokwaro katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walitangaza kwamba maji ya mizizi hiyo yalizuia virusi vya malengelenge katika maabara na katika panya. Kazi hiyo haijawa dawa ya hospitali. Lakini ilianzia katika maarifa ya waganga, na maarifa hayo yalifika kwa watafiti yakiwa yamechukuliwa na majina.

Hapa ndipo ilipo kazi ya watunga kamusi. Mara nyingi kamusi za Kiswahili huufasili mmea kwa kusema ni aina ya mti, na pengine huongeza kwamba una miiba. Kwa maelezo hayo mtandamboo, mchongoma na mkunazi ni kitu kimoja, na msunguti umekosa miiba tu. Fasili itoshayo ingetaja jani, utomvu, mwiba, tunda, matumizi na jina la kitaalamu, nayo haingezidi mistari mitatu. Wala haifai kuliacha jina kwa ajili ya haya. Kamusi si baraza la wakwe. Linnaeus alitaja miiba, Forsskål akataja chakula, Mswahili akataja dawa. Kamusi njema haina budi kuyataja yote matatu, na kumwonya msomaji juu ya yule ndugu asiye na miiba.