Gereza la Kilwa na Dhahabu ya Altare

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa hafiki mbali katika masomo yake kabla ya kusikia habari za Tao la Tito mjini Roma. Hapo askari wa Kirumi wamechongwa katika jiwe wakibeba kinara cha matawi saba, nyara ya Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70. Aweza kulieleza tao hilo vyema bila kuwahi kuliona. Lakini mwulize juu ya Kilwa Kisiwani, naye atakujibu kwamba hayo ni mambo ya Waislamu na ya wachimbaji wa mambo ya kale. Jibu hilo halitoshi. Kilwa ni sura ya historia yetu sisi Wakristo, tena sura isiyopendeza.

Njia yenyewe si ngumu. Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya kusini hufika pwani ya Somanga, huendelea hadi Nangurukuru, na hapo huiacha barabara ya Lindi na kushika ile ya Kilwa Masoko, ambako huvuka kwa mashua. Akikikaribia kisiwa huliona Gereza ufukoni, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani yapata mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Hatua chache kutoka hapo uko Msikiti Mkuu, ulioanzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14 kwa matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake kwa maskini. Yeye huyo alieleza pia mashambulizi ya sultani dhidi ya watu wa bara na nyara alizozitwaa huko. Kwa hiyo tusiipambe Kilwa kupita kiasi.

Wataalamu wa lugha hulitoa neno gereza katika neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Tulitamkapo neno hilo kila siku, hatukumbuki limetoka wapi.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zake, akamtisha Amiri Ibrahim mpaka akakubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Zikatolewa mithkali 1,500 za dhahabu. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari wake mjini. Masimulizi ya msafara huo, ambayo hutajwa kuwa ya Mjerumani Hans Mayr, yaeleza kwamba mapadre Wafransisko walishuka na misalaba miwili wakiimba Te Deum, msalaba ukasimamishwa katika nyumba ya mtawala, jemadari akasali. Kisha mji ukaporwa. Mpangilio huo wastahili kuangaliwa: sala kwanza, uporaji baadaye.

Ile dhahabu ya kodi Mfalme Manuel aliiagiza ifuliwe chombo cha altare cha kuonyeshea Hostia iliyowekwa wakfu. Kazi hiyo, inayohesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente, ilikamilika mwaka 1506, na mitume kumi na wawili wamepigishwa magoti kuizunguka Hostia. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na maandishi yaliyo chini yake yasema wazi kwamba dhahabu hiyo ni kodi ya Kilwa. Warumi walichukua chombo cha nyumba ya Mungu wakakifanya nyara. Wareno walichukua nyara wakaifanya chombo cha nyumba ya Mungu. Naona hili la pili ni zito zaidi. Daudi alipokuwa katika uwanja wa Arauna alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Sadaka ya Manuel iligharimu, lakini waliogharimika ni wengine.

Mlutheri asiharakishe kusema kwamba hayo ni ya Wakatoliki. Ni kweli kwamba Luther aliingia monasteri mjini Erfurt tarehe 17 Julai 1505, siku saba tu kabla ya Kilwa kuporwa, na hakuhusika kwa lolote. Lakini matajiri wa Augsburg, wa nyumba za Fugger na Welser, walikuwa wameweka mitaji yao katika merikebu za Almeida. Fugger hao hao ndio waliomkopesha Albrecht wa Mainz fedha zilizorudishwa kwa kuuza vyeti vya msamaha, ambavyo Luther alivipinga mwaka 1517. Biashara aliyoikemea Wittenberg ilikuwa imekwisha kufika kwetu.

Tena arudipo msafiri kutoka Masoko, kabla ya kufika Nangurukuru, hupita njia panda ya Kilwa Kivinje. Huko Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka miwili baada ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig kufika Kilimanjaro.