Namba Moja Ndogo Iliyowagombanisha Wakubwa wa Herufi

Cheki herufi m kwenye simu yako. Ina miguu mitatu, na yote ina unene sawa. Unaona ni kawaida, si ndio? Hiyo kawaida iligombaniwa.

Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya LaserWriter. Ilichapa nukta 300 kwa inchi na kutumia lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe. Sasa piga hesabu na mimi. Fonti ya Times huchorwa kwa vipimo 1000, na mguu wake wa kawaida una upana wa 84. Ukichapa kwa saizi ya 10, vile vipimo 1000 vinakuwa nukta 41 na kitu, na mguu unapata nukta 3 na nusu. Lakini printa haijui nusu nukta! Basi mguu mmoja unapata 3, jirani yake 4, na m yako inatoka imevimba upande mmoja. Ukurasa mzima unakaa na mabaka.

Dawa ya Adobe ilikuwa rahisi. Ndani ya fonti zao za Type 1 waliweka namba inaitwa StdVW, yaani upana wa kawaida wa miguu iliyosimama. Printa ikisoma 84, inajua miguu yote inayokaribia hapo ipewe nukta sawa. Kwisha.

Shida ni kwamba dawa yenyewe ilifungiwa kabatini. Maelezo yake yalikuwa siri. Bila leseni yao ulibaki na Type 3, iliyokuwa wazi kwa kila mtu lakini haina mwongozo huo. Hata uchore vizuri namna gani, herufi zako zingechapwa kama za daraja la pili.

Septemba 1989 Apple na Microsoft wakachoka. Walitangaza kushirikiana kwenye fonti zao wenyewe, zile tunaziita TrueType. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, alizungumza siku hiyo kwa uchungu mbele ya watu. Mwaka uliofuata Adobe wakachapisha maelezo yote ya Type 1 kama kitabu.

Kuna watu husema Adobe walikuwa na haki ya kulinda jasho lao. Sawa, lakini je, kufungua siri kuliwaua? Hapana. Mwaka 1993 walileta PDF, nayo ikabeba namba ya ukoo huo huo, StemV. Faili ikifika bila fonti yake, programu ya kuisoma inaweza kutumia namba hiyo kuchagua herufi mbadala zenye unene unaokaribiana. Namba ikikosewa, maandishi yanaweza kutoka membamba kama uzi au mazito kupita kiasi. Kwa hivyo ukituma CV, hakikisha fonti imo ndani ya faili.

Maoni yangu ni haya: siri ile haikufunguliwa kwa roho safi. Ilifunguliwa kwa sababu mshindani alibisha mlango. Ukiona kampuni imekalia kitu ambacho kila mtu anakihitaji ili kusoma na kuandika, usingoje huruma yake. Unga mkono anayetengeneza njia nyingine.