Upara na Dawa Idumuyo

Upara haumwui mtu wala haumwumizi. Mwenye upara hula akashiba, hulala akapumzika, na hufanya kazi yake na kulea watoto wake sawasawa na mwenye nywele. Hata hivyo, ni maradhi machache yaliyotafutiwa dawa kwa muda mrefu kama kasoro hii isiyouma. Katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, imehifadhiwa hati ya mafunjo iliyoandikwa Misri yapata miaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Huitwa hati ya Ebers, kwa jina la mtaalamu Georg Ebers aliyeipata Misri na kuitangaza kwa wasomi katika karne ya 19. Miongoni mwa mamia ya dawa zilizoandikwa humo zimo dawa za upara, na moja yao yataka mafuta ya wanyama sita: simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Mafuta hayo huchanganywa na kupakwa kichwani. Kiboko mwenyewe hana nywele za kusifiwa, na mamba na nyoka hawakupata kuwa nazo kamwe. Lakini tabibu wa Misri hakuliona jambo hilo kuwa pingamizi.

Si haki kumcheka tabibu huyo kupita kiasi. Alifanya walilofanya karibu wote waliomfuata kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi: alipaka kitu juu ya ngozi, akangoja. Sababu ya upara ilikuwa chini ya ngozi na ndani ya damu, mahali ambapo jicho lake halikuweza kufika.

Wayunani walikaribia zaidi, na walikaribia kwa kutazama tu. Katika maandiko yaitwayo kwa jina la Hippocrates imesemwa kwamba matowashi hawaingiwi na upara. Aristotle naye aliandika kwamba mtoto, mwanamke na towashi hawapati upara kama mwanamume mzima. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi, ila wanawake huweza kupungukiwa na nywele utosini kwa namna yao. Maelezo ya Aristotle ndiyo yaliyopotoka, kwa maana alidhani sababu ni upungufu wa umajimaji wa moto kichwani. Basi jambo la kweli lilikaa ndani ya vitabu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, likisomwa na kunakiliwa, wala hapana aliyelitumia. Warumi walichukua njia nyingine, yaani kuficha. Suetonius, mwandishi wa habari za wafalme wa Roma, asimulia kwamba Julius Caesar alivuta nywele zake chache kutoka utosini akazileta mbele, na kwamba katika heshima zote alizopewa hakuna aliyoipenda kama ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wote. Mtu aliyeteka Galia hakuweza kuutetea utosi wake.

Ufundi wa kuficha uliendelea hadi nywele za bandia za wafalme wa Ufaransa katika karne ya 17, lakini habari zake ni za mavazi kuliko za tiba. Yafaa zaidi kutazama soko la dawa katika Marekani ya mwisho wa karne ya 19. Huko dada saba wa ukoo wa Sutherland, waliokuwa na nywele ndefu za kuburuta chini, waliimba majukwaani na kuuza chupa za dawa ya kuotesha nywele. Mnunuzi alionyeshwa nywele zenyewe, akasadiki chupa. Hakuuliza kama dada hao waliwahi kuwa na upara. Biashara ya namna hiyo ilidumu karibu karne nzima, mpaka mwaka 1989 serikali ya Marekani ilipokata shauri kwamba dawa zote za kuotesha nywele zilizouzwa bila cheti cha daktari hazikuthibitishwa kufanya kazi, ikapiga marufuku madai yake.

Hata hivyo si kila aliyeuza dawa ya nywele wakati ule alikuwa mlaghai. Sarah Breedlove, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Madam C. J. Walker, alipoteza nywele zake mwenyewe kwa ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Tangu mwaka 1906 au karibu na hapo aliuza marhamu yenye kiberiti, na pamoja nayo alifundisha wanawake kuosha vichwa vyao mara kwa mara. Yeye hakuponya upara wa urithi, lakini wanawake wengi aliowahudumia hawakuwa na upara wa urithi. Nywele huanguka kwa sababu nyingi. Huanguka kwa homa kali, kwa uzazi, kwa njaa, kwa choya. Huanguka pia kwa kuvutwa, na jambo hili lawahusu sana wanawake wa Afrika wasukwao kwa kukazwa mno kandokando ya paji la uso. Nywele zilizoondolewa na mvuto hurudi kama mvuto ukiachwa mapema. Ukiendelea miaka mingi, ngozi hufanya kovu na hapo hazirudi. Anayetangaza dawa moja kwa sababu zote hizo amekwisha kujitangaza mwenyewe.

Uliobaki ni upara wa kawaida wa wanaume, ule unaorudisha nyuma paji la uso na kufungua utosi. Fumbo lake lilifumbuliwa na Mmarekani James B. Hamilton, mtaalamu wa viungo vya mwili, katika makala aliyoitoa mwaka 1942. Miaka saba kabla yake wataalamu wa Ulaya walikuwa wamefaulu kuitenga na kuitengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na sasa iliweza kutiwa mwilini kwa sindano. Hamilton aliwachunguza wanaume wapatao mia moja waliohasiwa au ambao miili yao haikupata kupevuka. Waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuwa na upara, hata katika uzee. Alipowapa testosteroni, baadhi yao walianza kupata upara; nao walikuwa wale ambao jamaa zao walikuwa na upara. Wengine walipewa homoni ile ile na nywele zao zikabaki. Sindano zilipokomeshwa, upara nao ulikoma kuendelea, lakini nywele zilizokwisha kupotea hazikurudi.

Husimuliwa pia kisa cha mapacha wawili wa kufanana, mmoja aliyehasiwa na mwenzake mzima. Walipofika umri wa miaka 40 hivi, yule mzima alikuwa na upara, na yule towashi alikuwa na nywele tele. Towashi alipotiwa homoni, katika muda wa miezi sita alikuwa amemfuata nduguye. Hapana jaribio ambalo lingeweza kupangwa likawa safi kuliko hilo: damu moja, urithi mmoja, na tofauti ni homoni peke yake. Lakini msomaji hana budi kukumbuka kwamba watu wa namna hiyo, kwa kawaida, hawakuhasiwa kwa hiari yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kulikuwa na sheria katika majimbo mengi ya Marekani zilizoruhusu kuwaondolea uwezo wa kuzaa watu waliofungiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili. Elimu ya upara, jambo ambalo watu hulifanyia mzaha barazani, imesimama kwa sehemu juu ya miili ya watu waliodhulumiwa, na majina yao hayakuandikwa popote karibu na jina la mtaalamu.

Kwa hiyo mwaka 1942 sababu mbili zilijulikana, yaani urithi na homoni, na dawa moja ya hakika ilijulikana pia, nayo ni kuhasiwa utotoni. Hapana aliyeitaka. Ilibidi kungoja zaidi ya miaka 30 ili njia nyingine ionekane, nayo ilionekana mahali pasipotazamiwa. Katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, walikuwako watoto waliodhaniwa kuwa wasichana walipozaliwa, wakalelewa kama wasichana, kisha walipobalehe miili yao ikawa ya wanaume. Wenyeji waliwajua tangu zamani na walikuwa na jina lao. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza sababu. Watoto hao walipungukiwa na kimeng'enya kimoja, kile kinachogeuza testosteroni kuwa homoni nyingine iliyo kali zaidi. Wanaume hao walikua wenye nguvu, ila walikuwa na mambo mawili ya kustaajabisha: tezi zao za kiume zilizo chini ya kibofu zilibaki ndogo maisha yao yote, na hawakupata upara.

Wataalamu wa kampuni ya Merck walizipata habari hizo, wakatafuta dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho. Nia yao ya kwanza haikuwa nywele bali tezi, ambayo huwasumbua wazee kwa kuziba mkojo. Finasteridi iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi, na mwaka 1997, kwa kipimo cha miligramu 1 badala ya 5, kwa ajili ya upara wa wanaume. Ndugu yake katika matumizi, minoksidili, aliingia kwa mlango wa namna hiyo hiyo. Ilitengenezwa na kampuni ya Upjohn iwe dawa ya shinikizo la damu, ikaruhusiwa mwaka 1979. Wagonjwa walioimeza wakaota nywele usoni na mikononi, jambo lililowachukiza wao na kuwafurahisha watengenezaji. Mwaka 1988 iliruhusiwa kama maji ya kupakwa kichwani.

Hapo ndipo neno "dawa" lilipoanza kubeba maana mbili bila watu kutambua. Dawa hizi mbili ni za kweli. Zimejaribiwa na zimewasaidia wengi. Lakini hazimalizi upara, bali huuzuia mlangoni, na mlinzi akiondoka mgeni huingia. Anayeacha kuzitumia hupoteza katika muda wa miezi, au kama mwaka mmoja, zile nywele alizokuwa amezihifadhi. Basi mwanamume wa miaka 25 anayeanza kumeza kidonge ameanza kazi ya kila siku isiyo na mwisho. Tena kidonge kina bei nyingine isiyolipwa kwa fedha. Baadhi ya wanaume walisema kwamba kimewapunguzia hamu na nguvu za kitandani, na wachache kwamba hali hiyo iliendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2012 maonyo juu ya jambo hilo yaliongezwa katika karatasi za dawa hiyo. Ni mshangao mdogo wa historia kwamba swali la Aristotle limerudi kwa sura ya upole: mtu yu tayari kutoa kiasi gani cha uanaume wake ili awe na nywele za towashi?

Njia ya kisu yadumu zaidi, na yenyewe ina hesabu yake. Tabibu wa Kijapani, Okuda, alieleza mwaka 1939 namna ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, lakini vita vilifunika habari zake na nchi za Magharibi hazikuzijua. Mwaka 1952 Norman Orentreich wa New York alianza kazi kama hiyo, na katika makala yake ya mwaka 1959 alionyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini huendelea kuishi kwa tabia ya kisogo. Kumbe upara haukuwa katika udongo bali katika mbegu. Hata hivyo mpasuaji hazalishi unywele hata mmoja; huazima kisogoni akalipa utosini, na kisogo cha mwenye upara mpana hakitoshi deni hilo.

Dawa idumuyo, kama itapatikana, yatakiwa ifanye lile ambalo kidonge na kisu havifanyi, yaani kulirudishia shina lililosinyaa nguvu yake au kuumba shina jipya. Katika upara shina la unywele halifi mara moja. Hupungua duru baada ya duru, mpaka unywele unaotoka unakuwa mwembamba kama malaika ya mtoto. Mwaka 1990 seli mama za shina zilionekana kuwa zakaa katika kivimbe kilicho ubavuni mwa shina, si chini kabisa kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2011 kundi la George Cotsarelis lilionyesha kwamba katika ngozi yenye upara seli mama hizo zingalimo, karibu sawa kwa idadi na zile za ngozi yenye nywele. Kilichopungua ni watoto wao, seli zinazofanya kazi ya kujenga. Habari hiyo ni ya faraja, kwa kuwa shamba halikung'olewa, limelala tu.

Na shina jipya? Mwaka 1999 mtaalamu Colin Jahoda wa Uingereza alitoa seli chache kutoka ganda la nje la mashina ya nywele za kichwa chake mwenyewe, zikapandikizwa katika mkono wa mkewe, Amanda Reynolds, mtaalamu mwenzake. Mwili wa mke haukuzikataa, na nywele mpya ziliota mahali ambapo hazikuwapo. Watu wengi walidhani kazi imekwisha. Ilibaki kuzizidisha seli za namna hiyo katika vyombo, ili chache zitoshe kichwa kizima, na hapo njia ilikwama. Kwa maana seli za chini ya shina zikikuzwa zimetandazwa katika sahani husahau kazi yao, zikawa ngozi ya kawaida. Miaka 14 ilipita kabla ya Jahoda, pamoja na Claire Higgins na Angela Christiano wa New York, kujaribu kuzikuza katika matone yanayoning'inia, ili zikusanyike mviringo kama zikaavyo mwilini. Zilikumbuka sehemu ya kazi yao, si yote. Walizitia katika ngozi ya binadamu isiyo na nywele, wakaipandikiza ngozi hiyo migongoni mwa panya. Katika watu saba waliotoa seli, seli za watano ziliotesha nywele, nazo zilidumu majuma sita.