Enzi ya Wembe Nyanchwa

Kisii mvua hupiga alasiri, kwa hiyo magokoro, nyanya yangu, alitutafuta chawa asubuhi, barazani, kichwa cha mtoto kikiwa kati ya magoti yake. Hakuanza utosini. Alianza nyuma ya masikio, akashuka kisogoni penye joto. Mdudu mwenyewe hukimbia mwanga. Nyanya alitafuta yai, kipunje cheupe kilichoganda kwenye unywele karibu na ngozi. Alikisukuma kwa ukucha: kikiteleza, ni mba, kikikataa, analetewa mafuta ya taa. (Hayo leo nisingeyaruhusu. Yanaunguza ngozi, na jiko lilikuwa hatua chache tu.) Juma lililofuata alirudia. Yai huanguliwa kwa siku kama 7 hadi 10; hesabu hiyo hakuijua, lakini vidole vyake viliifuata.

Waadventista Wasabato walianzia Gendia, kando ya ziwa, mwaka 1906, wakiongozwa na Mkanada Arthur Carscallen. Baadaye wakapanda huku Gusii na kujenga misheni kwenye kilima chetu cha Nyanchwa. Kwao usafi wa mwili ulikuwa sehemu ya dini, na shule zikawa mahali pa kuukagua.

Mimi nilisoma wakati ukaguzi wa paredi ulikuwa umeshakuwa mazoea: kucha, meno, kola, kisha nywele. Mwalimu alizipekua kwa ncha ya penseli, na aliyepatikana na chawa alisimamishwa mbele ya wenzake. Aibu hiyo ilikuwa ya bure. Chawa haruki wala hapai. Hutembea kutoka kichwa hadi kichwa, na sisi tulilala watoto wanne chini ya blanketi moja kwa sababu ya baridi ya milimani. Kichwa kilichooshwa kwa sabuni humfaa vilevile.

Dawa ya shule ilikuwa wembe, kwa wavulana na wasichana. Ulifaulu, sikatai: pasipo unywele yai halina pa kushika. Lakini mama aliyelea watoto wenye vipara hakuwa na haja ya kujifunza kupekua, na binti zake hawakuona akipekua.

Siku hizi wasichana wakimaliza shule hufuga nywele na kwenda kusukwa mjini. Msusi ndiye huona chawa kwanza, na wengi hunyamaza wasimpoteze mteja. Ningependa waseme, kwa sauti ya chini, wateja wengine wakishatoka.