Kabla ya kununua mtoto wa mbwa mlinzi, mkague mama yake

WAKULIMA wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa viungani mwa Kitale, sawa na wenye maduka mjini Bungoma, huwategemea mbwa kulinda mali usiku. Miongoni mwa wanaotamaniwa ni German Shepherd, mwenye masikio wima na umbo linalokaribiana na la mbwa mwitu.

Hata hivyo, si haba wanaouziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi huvutiwa na mtoto wa mbwa mwenye manyoya mengi kando ya barabara, akalipa, na baada ya wiki moja akamzika. Mwingine humlea hadi ukubwani, kisha mbwa huyo akawauma watoto wa nyumbani.

Mbwa hawa walianza kusajiliwa nchini Ujerumani mwaka wa 1899, wakati afisa wa kijeshi Max von Stephanitz alipomwandikisha Horand von Grafrath kuwa wa kwanza wa ukoo huo. Licha ya sura yake, German Shepherd si mbwa mwitu aliyefugwa. Ni mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili achunge kondoo na kumtii bwana wake. Tabia yake, kama rangi yake, hurithiwa.

Ndiyo maana ukaguzi unapaswa kuanzia kwa mama. Mnunuzi afike nyumbani kwa mfugaji badala ya kukutana naye sokoni. Ni kweli kwamba mbwa anayenyonyesha huwa mkali kidogo, lakini aliye mwema hubweka mgeni aingiapo, kisha hutulia anapoamriwa na mwenyewe. Anayejificha au kutetemeka ni onyo, kwani mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kuuma.

Fauka ya hayo, ukoo huu husumbuliwa na kasoro ya viungo vya nyonga, ambayo humfanya mbwa achechemee na kushindwa kuinuka. Kasoro hiyo ni vigumu kutambuliwa kwa mtoto wa miezi miwili. Kwa hivyo, mnunuzi aombe kuwaona wazazi wote wawili wakitembea na kukimbia, na aulize iwapo wamewahi kupigwa picha za eksirei.

Baada ya hapo ndipo mtoto akaguliwe. Macho yawe maangavu, pua isitoe makamasi, na sehemu ya nyuma isiwe na uchafu wa kuhara. Tumbo lililofura ilhali mbavu zinaonekana mara nyingi ni dalili ya minyoo. Makofi yakipigwa, mtoto mzuri hushtuka kidogo kisha hukaribia kuchunguza. Masikio yaliyolala si hitilafu, kwani kwa kawaida husimama mbwa anapokaribia miezi minne hadi sita.

Mtoto asitenganishwe na mama kabla ya kutimiza wiki nane. Anayedai kuuza mbwa wa ukoo halisi aonyeshe cheti cha usajili cha East Africa Kennel Club, pamoja na kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari wa mifugo.

Chanjo si jambo la hiari. Virusi vya parvo, vinavyosababisha kuhara damu, huweza kudumu udongoni kwa miezi kadhaa. Boma lililopoteza mbwa kwa maradhi hayo lisilete mtoto ambaye hajakamilisha chanjo. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida katika umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa. Mwaka wa 2014, Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa hicho kufikia 2030, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa.

Hali ya anga nayo izingatiwe. Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina baridi inayomfaa mbwa mwenye manyoya mazito. Bungoma iko chini zaidi na ina joto, hivyo kivuli na maji safi visikosekane mchana.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa anayezoeshwa mapema watu, mifugo na sauti za boma hukua akimtofautisha mwizi na jirani. Anayefungiwa peke yake kibandani mchana kutwa huenda akamwona kila mtu kuwa adui.