Asali, Chumvi na Kidonda



Mwezi Februari mwaka 1874 mwili wa David Livingstone uliwasili katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake huko huko, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani yapata wiki mbili, kisha wakaubeba hadi pwani. Haukuoza, kwani chumvi hunyonya maji, na bakteria hawastawi pasipo maji.

Nimeanzia hapo kwa sababu waumini wa Mbegani huniuliza kama kweli asali huponya kidonda. Sukari ya asali hunyonya maji kama ile chumvi, na isitoshe, asali ni chachu kuliko ulimi unavyodhani. Wamisri wa kale waliiandika kuwa dawa ya majeraha miaka ipatayo 3,600 iliyopita. Lakini ni mwaka 1892 ndipo Mholanzi van Ketel alipoonyesha kwamba asali huua vijidudu, na mwaka 1963 watafiti wa Marekani wakatambua kwamba ndani yake hutokea haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile itoayo povu inapomwagwa juu ya kidonda. Huzalishwa na kimeng'enya anachokitia nyuki mwenyewe, nacho huamka asali inapokutana na majimaji ya jeraha.

Hata hivyo, asali si moja. Nyuki wa Mbegani hupata maua ya mikoko, minazi na mikorosho; wa Tabora hupata ya miombo. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi zaidi na uchachu zaidi. Ile ya mti wa manuka wa New Zealand ina silaha nyingine, methiliglioksali, iliyotambuliwa na watafiti wa Dresden katika miaka ya 2000. Hiyo haitegemei kimeng'enya, na mwaka 2007 Marekani iliruhusu bandeji zenye asali hiyo.

Kimeng'enya huharibiwa na moto. Katika enzi za Wajerumani na Waingereza, nta ya nchi hii ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, na nta hupatikana kwa kuyeyusha masega. (Nasi tunaihitaji: Mbiu ya Pasaka kwa Kilatini humtaja nyuki, mama wa nta ya mshumaa.) Lakini asali iliyochemshwa pamoja na masega hubaki tamu tu, sehemu kubwa ya dawa yake imekwisha kupotea, na chupa haisemi.

Kuna jambo moja linalonitia hofu, nalo ni desturi ya kumlambisha mtoto mchanga asali. Kuna bakteria ambao mbegu zao hulala ndani ya asali bila kufa, zikaamka katika utumbo wa mtoto asiyefikisha mwaka mmoja na kutoa sumu ya kupoozesha hata pumzi. Kwa sababu ya mbegu hizo hizo, asali ya hospitali husafishwa kwa miali ya gama; moto wa kuziua ungeua na dawa yenyewe.