Daraja Lenye Injini: Kharumwa na Kivuko cha Busisi

Kharumwa haina ufukwe, lakini historia yake haiandikiki bila maji. Wilaya ya Nyang'hwale, ambayo makao yake makuu ni hapo, ilimegwa kutoka Geita, na Geita yenyewe, hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ilikuwa wilaya tu ya Mkoa wa Mwanza. Faili lililohitaji muhuri wa mkoa lilipitia Sengerema, likafika Busisi, kisha likavushwa Ghuba ya Mwanza hadi Kigongo. Njia ya kuzungukia Kahama na Shinyanga ilikuwepo, ila ni ndefu mno kwa mtu mwenye mgonjwa wa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kilichovusha ni kivuko, nami nakiita daraja lenye injini: mlango wa chuma ulishushwa hadi uguse nchi kavu, magari yaliingia moja moja, abiria walishushwa kwenye basi na kufuata kwa miguu, mizigo kichwani.

Siku hizi kivuko hicho hutajwa kama kero tu. Kweli, watu walisubiri hata saa mbili. Lakini hakuna apangaye foleni mahali asipopahitaji. Foleni ya Busisi ilirefuka kadiri shughuli za ng'ambo zilivyoongezeka, hasa baada ya mgodi mkubwa wa Geita kuanza kuzalisha dhahabu mwaka 2000. Atakayedai kuwa maji ndiyo yaliyoukata Mkoa wa Mwanza mwaka 2012 anieleze Sengerema, iliyo upande uleule wa magharibi, ilibakije Mwanza. Ilibaki kwa sababu vivuko kama MV Misungwi vilikwishaifanya ghuba kuwa barabara.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, takriban kilomita 3, na safari ya kuvuka ghuba ikawa ya dakika chache. Si kama daraja la Liwatoni la waenda kwa miguu huko Mombasa, lililokuwa likielea na kufunguliwa katikati kupisha meli za Kilindini. Kigongo hakuna meli za kimo hicho. Daraja limetulia, vyombo vinapita chini yake. Waliopungukiwa ni wauza samaki wa kukaanga na karanga, ambao soko lao lilikuwa dirisha la basi lililosimama. Basi la Geita sasa linawapita juu kwa juu.